Amritsar kwa Miguu: Mji Ulionirudisha Kericho

Nimekulia Kericho, na gurdwara ya mji wetu, yaani hekalu la Wasikh, niliipita miaka nenda miaka rudi bila kuingia hata siku moja. Makalasinga, kama tunavyowaita Wasikh, niliwajua kwa vilemba, kwa karakana alikopeleka baba pikapu yake kila klachi ilipoisha, na kwa jina la Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976 hadi akaitwa Simba wa Barabara. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipokomea. Wanaamini nini, walitoka wapi, kwa nini karibu kila mwanamume kwao ni Singh, sikujua na sikuuliza. Jirani ukishamzoea unaona haya kumwuliza kwao ni wapi.

Nilikuja kuuliza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, tena mbali na nyumbani: katika mji wa Amritsar, jimbo la Punjab, kaskazini mwa India. Agosti hiyo nilimsindikiza mdogo wangu wa kike kuanza masomo katika chuo kimoja karibu na Jalandhar. Tulipomaliza usajili na kumpatia chumba, nikabaki na siku tatu kabla ya ndege yangu, na Amritsar iko umbali wa kilomita kama 80 tu kwa treni. Naandika haya kwa sababu watu wetu wengi siku hizi wanakwenda India kusoma, kutibiwa na kununua bidhaa, na anayepita Punjab hurudi na picha ya Hekalu la Dhahabu kwenye simu, basi. Mimi nusura niwe hivyo.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo nakusihi usilifanye. Niliposhuka stesheni nilipanda tuktuk, nikataja hekalu, dereva akanifikisha. Nikavua viatu, nikafunga kitambaa kichwani, nikazunguka bwawa, nikapiga picha, nikastaajabu. Saa moja na nusu baadaye nilikuwa nje nikinywa lassi. Nilikuwa nimeona dhahabu, maji, marumaru na umati wa watu, na hakuna hata kimoja kilichoniambia neno. Jioni mtu wa mapokezi katika nyumba ya wageni aliniuliza nimeonaje. Nikajibu pazuri sana. Akanitazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee, alipoona imeisha, akasema: "Kesho asubuhi nenda Town Hall. Kuna matembezi ya miguu pamoja na mwongozaji. Nenda ukafike hekaluni kwa mlango wa mji."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo ushauri wangu mkubwa kwako. Usianzie hekaluni, lifikie mwishoni mwa safari. Amritsar ilijengwa kulizunguka bwawa la hekalu, na historia ya Wasikh imelala katika vichochoro vinavyoelekea huko, tabaka juu ya tabaka. Ukishushwa langoni na tuktuk umeruka kitabu kizima ukasoma ukurasa wa mwisho.

Matembezi yalianza saa mbili asubuhi, kabla jua halijakasirika. Tulikuwa sita: mume na mke kutoka Gujarat, vijana wawili wanafunzi, mama mmoja wa Kanada mwenye asili ya Punjab, na mimi. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwalimu mstaafu mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe zilizochanwa zikanyooka. Alitusalimu "Sat Sri Akal", akatueleza kuwa maana yake ni kwamba Mungu wa milele ndiye ukweli. Kisha akatuuliza mmoja mmoja tumetoka wapi. Nilipojibu Kenya, alisimama. "Kenya," akarudia, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole: "Mombasa, Makindu, Nairobi, Nakuru, Kisumu." Alizitaja kwa mpangilio wa reli. Ndugu ya babu yake alikwenda kuijenga, akasema, na barua zake zilikuwa zikisomwa kwa sauti uani jioni.

Tangu hapo akawa ananiita "veer ji", yaani kaka kwa heshima, na kila tulipofika mahali penye uzi unaofika kwetu alinigeukia. Ndiyo sababu nakuambia: ukiwa kwenye matembezi ya namna hii, sema umetoka wapi, na useme mapema. Mwongozaji mzuri hupanga hadithi kulingana na msikilizaji aliye mbele yake. Mimi nilifanya uzembe mmoja wa kusema Kenya bila kutaja Kericho, na utaona ulinigharimu nini.

Town Hall yenyewe ni jengo la Waingereza, na ndani yake tangu 2017 kuna Makumbusho ya Mgawanyiko, yanayohusu mwaka 1947 Punjab ilipokatwa vipande viwili, upande mmoja India na mwingine Pakistan. Mzee hakutuingiza. Alisema rudini alasiri mkiwa peke yenu, na alikuwa sahihi, maana yale masanduku, barua na sauti za walionusurika si vitu vya kutazama ukiwa na haraka. Alitaka tujue jambo moja tu pale nje: Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh, mwaka 1469, ipo Pakistan, na Kartarpur alikofariki 1539 ipo Pakistan pia. Wasikh wengi wa India wamezaliwa, wakazeeka na kufa bila kupakanyaga. Njia maalumu ya mahujaji kwenda Kartarpur bila viza ilifunguliwa Novemba 2019. Mama wa Kanada alikuwa akitikisa kichwa taratibu wakati haya yakisemwa, na sikuhitaji kumwuliza kwa nini.

Hatua chache kutoka hapo ipo gurdwara ndogo ya Saragarhi. Watu wengi huipita. Inawakumbuka askari 21 wa Kisikh waliokuwa wakilinda kituo cha mawasiliano milimani, katika mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya Kiingereza, tarehe 12 Septemba 1897, walipozingirwa na maelfu ya wapiganaji. Hakuna aliyesalimu amri na hakuna aliyepona. Kijana wao wa mawasiliano, Gurmukh Singh, alikuwa akituma habari za vita kwa kioo cha jua tangu asubuhi. Mwishowe akaomba ruhusa afunge kifaa chake ashike bunduki. Nilisimama pale nikihesabu. Mwaka 1897 reli ya Mombasa ilikuwa katika mwaka wake wa pili. Dola ileile iliyowaweka hawa mlimani ndiyo iliyowapandisha wenzao meli za kuja Afrika. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka India kujenga reli hiyo kati ya 1896 na 1901, wengi wao kutoka Punjab, na kama 2,500 walifia kazini. Mmoja wa waliofia Tsavo, akinyakuliwa na simba hemani, alikuwa jemadari Msikh aliyeitwa Ungan Singh. Sisi tunawakumbuka simba wale kuliko tunavyomkumbuka yeye.

Kisha tukaingia vichochoroni, na hapa ningependa upunguze mwendo pamoja nami.

Mji wa zamani umegawanyika katika mitaa inayoitwa katra. Zamani kila katra ilikuwa na lango lake la kufungwa usiku, na mingi ilianzishwa na makundi ya wapiganaji wa Kisikh waliojulikana kama misl, katika karne ya 18. Miaka hiyo Wasikh walikuwa wakiwindwa. Mwaka 1762 Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, alilipua hekalu kwa baruti na kulifukia bwawa. Wasikh wakarudi, wakalichimba upya, wakajenga upya. Aliyesimama mbele katika kazi hiyo alikuwa Jassa Singh Ahluwalia, na ngome yake, Qila Ahluwalia, bado ipo katikati ya mitaa, ingawa leo imejaa makazi na maduka na nguo zilizoanikwa kwenye varanda. Bila mwongozaji ningeipita nikidhani ni jengo chakavu la ghorofa. Mzee alituonyesha ubao wa mlango uliochongwa maua, ukiwa mweusi kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi, akatuambia tuushike. Nikauweka mkono. Ulikuwa laini kama mpini wa jembe la bibi.

Sokoni nilipata furaha nisiyoitarajia. Muuzaji alikuwa akimwita mtoto wake na maneno yake nikayasikia: dukaan, sabun, hisaab, rang. Nikamwambia mzee kwamba kwetu ni duka, sabuni, hesabu, rangi. Akaongeza duniya, nikamjibu dunia. Akaongeza kitaab. Tukaendelea hivyo uchochoro mzima, vijana wale wawili wakicheka kwa furaha. Maneno mengi kati ya hayo yametoka Uarabuni na Uajemi, yakafika kwao kwa nchi kavu na kwetu kwa majahazi. Ukienda, yasikilize. Yanafungua mazungumzo kuliko swali lolote la historia.

Tukapita pia Taksal, mahali ilipokuwa karakana ya kufulia sarafu enzi za Maharaja Ranjit Singh. Huyu aliitwaa Lahore mwaka 1799 akiwa kijana wa miaka 18, akaunganisha misl zile kuwa dola moja, akatawala hadi alipofariki 1839. Ndiye aliyelivika hekalu dhahabu. Lakini sarafu zake hazikuwa na sura yake wala jina lake. Ziliandikwa kwa heshima ya ma-Guru, viongozi kumi wa imani ya Kisikh. Nilimwambia mzee kuwa katiba yetu ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye fedha. Akafurahi sana. Alisema, "Basi mmefika alipofika yeye." Miaka 10 tu baada ya Ranjit Singh kufa, Waingereza waliitwaa Punjab yote, na mwanawe mdogo Duleep Singh akanyang'anywa ufalme pamoja na almasi ya Koh-i-Noor.

Kuna uchochoro mmoja mwembamba ambao mzee alitutaka tuupite kimya. Aprili 1919 Jenerali Reginald Dyer aliamuru kila Mhindi anayeupita atambae kwa tumbo, kama adhabu ya mtaa mzima, kwa sababu mwanamke mmisionari alikuwa amepigwa hapo. Walioishi humo walitambaa kwenda kununua maziwa. Nilitazama chini, kwenye matofali na mfereji wa majitaka, nikafikiria babu zangu ambao miaka hiyohiyo walikuwa wakivishwa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, shingoni. Siku chache kabla ya amri hiyo, tarehe 13 Aprili, sikukuu ya Vaisakhi, Dyer huyohuyo alikuwa amewafyatulia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh. Askari 50, dakika kama 10, risasi 1,650. Serikali ya Kiingereza ilikiri watu 379 waliuawa. Wenyeji wanasema ni wengi zaidi ya hapo. Uwanja huo upo dakika chache kutoka hekaluni, alama za risasi zikiwa bado ukutani, na kisima ambacho watu walijitosa. Uende. Usiende siku ileile uliyokwenda Makumbusho ya Mgawanyiko, moyo una kipimo chake.

Kuhusu mwaka 1984, nataka niseme kwa uangalifu. Juni mwaka huo jeshi la India liliingia ndani ya uwanja wa hekalu kumng'oa mhubiri wa Kisikh Jarnail Singh Bhindranwale na wafuasi wake waliokuwa na silaha. Watu wengi walikufa, mahujaji wakiwamo, na Akal Takht, kiti cha mamlaka ya Wasikh, ikabomolewa vibaya. Oktoba 31 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Wasikh, na siku zilizofuata maelfu ya Wasikh waliuawa, hasa Delhi, wengine mbele ya majirani zao, wengine na majirani zao. Mmoja wa vijana wetu alimwuliza mzee: wewe ulikuwa wapi? Mzee akasema, "Nilikuwa hapa," akaendelea kutembea. Mimi ni mtu wa Bonde la Ufa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, ninaikumbuka, na najua jibu fupi la namna hiyo linabeba nini. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiulize 1984 barabarani, mbele ya watu, kama unayeuliza nauli. Akitaka kukusimulia atachagua mahali. Kwetu alichagua baadaye, tukiwa tumeketi chini kando ya maji, na aliyoyasema hayakuwa ya kuandikwa hapa.

Tukafika. Na sasa, asubuhi ya pili, lango lilelile likawa lango jingine kabisa.

Kabla hujaingia, mambo machache ya mkono. Vaa ndala au viatu vya kuvuliwa haraka, utaviacha kwenye chumba cha viatu na kupewa namba, bure. Kichwa kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Vitambaa wanatoa, lakini dada zangu, leso ya nyumbani inatosha na inapendeza. Utapita kwenye kijito cha maji mlangoni ili kuosha miguu, jambo ambalo aliyezoea kutawadha hatalishangaa. Sigara, tumbaku na pombe usiwe navyo hata mfukoni. Ndani kabisa ya hekalu hakuna kupiga picha. Na ukimwona mtu ana kirpan, ule upanga mfupi, usimtanie wala usiombe kuushika. Ni mojawapo ya alama tano walizopewa Khalsa, jumuiya ya Wasikh walioingizwa rasmi katika imani, na Guru wa kumi, Gobind Singh, huko Anandpur Vaisakhi ya 1699, pamoja na nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma na kaptula. Siku ileile ndipo wanaume walipopewa jina Singh, maana yake simba, na wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisiendelee kumwambia mtu huyu ni wa tabaka la juu au la chini. Hilo ndilo jibu la swali langu la utotoni. Joginder Singh aliitwa Simba wa Barabara na watu ambao wengi hawakujua kwamba jina lake lilikuwa limeshamwita simba tangu kuzaliwa.

Mzee alitusimamisha kwenye ngazi. "Mmegundua mnashuka?" Mahekalu mengi unapanda kuyafikia. Hili unateremka, kwa unyenyekevu, na lina milango minne kwa pande nne, yeyote aingie atokako. Bwawa lilichimbwa na Guru wa nne, Ram Das, aliyeuanzisha mji huu mwaka 1577. Guru wa tano, Arjan, akajenga hekalu katikati ya maji na mwaka 1604 akaweka ndani yake kitabu kitakatifu alichokikusanya. Humo zimo tenzi za Sheikh Farid, sufii Mwislamu, na za Kabir mfuma nguo, na za Ravidas mshona viatu. Mwenza wa Guru Nanak katika safari zake, mpiga zeze Mardana, alikuwa Mwislamu. Miaka miwili baada ya kitabu kuwekwa, Guru Arjan aliuawa Lahore kwa amri ya utawala wa Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal.

Ndani, kitabu kimewekwa juu ya mito chini ya kitambaa cha mapambo, na mtu anakipepea kwa usinga. Ndiyo, usinga, kama ule aliokuwa akiushika Mzee Kenyatta. Siku ya kwanza nilikuwa nimeuona nikadhani ni wa kufukuza nzi. Sasa nilijua kwamba tangu 1708, Guru Gobind Singh alipokaribia kufa na kukataa kuteua mtu wa kumrithi, kitabu hiki ndicho Guru. Anapepewa kiongozi aliye hai. Usiku hubebwa kwa machela ya heshima kwenda kupumzika, alfajiri hurudishwa. Nilikaa sakafuni pamoja na wengine, tenzi zikiimbwa kwa harmonia na tabla, na sikutaka kuondoka.

Tulipotoka mzee alinishika mkono akaninyooshea kidole kwenye minara miwili mirefu ya matofali, upande wa pili wa bwawa. "Ile ni ya watu wenu, veer ji." Sikuelewa. Akaeleza kuwa inaitwa Ramgarhia Bunga, ilijengwa karne ya 18 na Jassa Singh Ramgarhia iwe ya kuangalia adui akitokea. Huyu Jassa Singh wa pili alikuwa wa jamii ya maseremala. Jamii za maseremala, wahunzi na waashi wa Kisikh zikaja kujiita Ramgarhia kwa jina lake, na ndizo zilizokwenda Afrika Mashariki kwa wingi, kwa sababu reli ilihitaji mafundi. Hapo karakana ya utoto wangu ikapata mahali pa kukaa. Yule mzee aliyekuwa akisikiliza injini ya pikapu ya baba kwa kuweka sikio kwenye bisibisi hakuwa "Kalasinga fundi" aliyetokea hewani. Ufundi wake ulikuwa na mnara.

Hata neno Kalasinga lina mwenyewe. Inasimuliwa kwamba ni jina la Kala Singh, mfanyabiashara wa mwanzoni aliyeuza bidhaa zake hadi umasaini, watu wakampa kila mwenye kilemba jina hilo. Na nikamkumbuka Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyekuja Kenya 1927 akiwa kijana, ambaye Aprili 1950 pale Kaloleni, Nairobi, alisimama hadharani akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata na kuzuiliwa hadi Oktoba 1961. Shuleni nilifundishwa jina lake katika mstari mmoja.

Tukaenda langar, jiko linalolisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, bure, usiku na mchana. Unachukua sinia, unaketi chini kwa mstari, tajiri na ombaomba bega kwa bega, na hiyo ndiyo maana yenyewe ya langar tangu enzi za ma-Guru. Chapati pokea kwa mikono miwili iliyo wazi. Chukua unachoweza kumaliza, utaongezwa mpaka useme basi. Kisha, tafadhali, usitoke mara moja. Nenda kwenye kuosha vyombo au kumenya vitunguu saumu, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Nilimenya kwa dakika 40 karibu na bibi mmoja ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinionyesha jinsi ya kuponda punje kwa kiganja ili ganda litoke lenyewe, na sasa nyumbani namenya hivyo. Sewa, huduma ya kujitolea, wanaiita. Nilikuwa nimeshaila kabla, kule Makindu, kwenye hekalu lililojengwa 1926 kando ya reli, ambapo wasafiri wa Mombasa hulala na kula bila malipo. Tulisimama pale nikiwa na miaka tisa au kumi. Niliondoka nikijua tu kwamba chapati zilikuwa laini.

Wakati wa kuagana ndipo nilipotamka kwamba mimi ni wa Kericho. Mzee alinitazama muda. "Tumetembea asubuhi nzima," akasema, "na hukuniambia?"

Akanigeuza tena tutazame hekalu. Jua lilikuwa limeshapanda na dhahabu ilikuwa haitazamiki. Dhahabu ile, akasema, ilikuwa imechakaa tangu enzi za Ranjit Singh, ikafanywa upya kati ya 1995 na 1999. Kazi hiyo ilisimamiwa na jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha ya Birmingham. Na mwanzilishi wa jumuiya hiyo, Baba Puran Singh, aliishi Kenya miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, na Wasikh kote duniani humwita kwa jina la mji: Kerichowale. Wa Kericho. Gurdwara ile niliyokuwa nikiipita ilijengwa kwa kumbukumbu yake.

Kama ningesema Kericho saa mbili asubuhi, najua angenisimulia mengi zaidi. Muda ulikuwa umekwisha na alikuwa na kundi jingine kesho yake.

Agosti kuna joto la unyevunyevu na mvua za ghafla. Ukiweza, nenda Oktoba, Novemba au Februari. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana anayetoka kwetu huulizwa uwanja wa ndege. Mwongozaji akimaliza, mlipe vizuri zaidi ya ada.

Jumapili ya pili baada ya kurudi nilimchukua binti yangu tukaenda gurdwara ya Kericho. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, viatu vyetu vilikuwa na tope, nikaona aibu kuviacha mlangoni. Bwana mmoja mwenye kilemba cheupe aliviokota, akavipangusa kwa kitambaa, akaviweka rafuni. Kisha akatuuliza, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, kama tumekula.